Mtu wa Kumi na Mbili

Haya, funika hicho kitabu kwanza, Nulu. Tangu asubuhi unanisomea habari za msichana mfungwa aliyepakiwa merikebuni akapelekwa ng'ambo, eti kwa kuiba kitambaa, na macho umeyatoa utadhani hujawahi kusikia ajabu. Msichana mfungwa ndiye huyu anayekumenyea ndizi. Ndiyo, mimi Nanyama unayeniita bibi! Na sikuiba hata punje ya mahindi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa sabini na tisa. Serikali ya wanajeshi ilikuwa imeanguka, na askari wapya waliwasaka Wanubi, kosa lao likiwa kwamba waume na kaka zao walivaa magwanda ya serikali ile. Mimi mtoto wa Kigisu wa Busiu, hayo yalinihusu nini? Nilikuwa kando ya barabara ya Tororo nauza mahindi ya kuchoma, basi.

Lori likasimama. Lilitoka Jinja na wanawake kumi na wawili wa Kinubi, likienda Mbale, kwenye ghala moja la pamba upande wa viwanda lililogeuzwa jela. Injini ilikuwa imechemka, kwa hiyo wanawake wakashushwa wachote maji. Walipopanda tena, mkubwa wa msafara, Afande Gaster, akawahesabu. Kumi na mmoja. Akahesabu upya, jasho linamtiririka. Kumi na mmoja.

Unajua alichofanya? Hakuingia migombani kumtafuta aliyetoroka. Alitazama huku na huku, akaniona mimi na karai langu. "Wewe! Kuja hapa!" Kufumba na kufumbua niko juu ya lori, mahindi yangu yamemwagika barabarani. Nikalia, "Afande, mimi si wao!" Akanionyesha karatasi. "Hapa wameandika kumi na mbili. Sasa wewe ni Hadijah. Wakiita Hadijah, unasema niko. Ukikosea, utaniona."

Nilijikojolea, sikufichi. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya bunduki: kuja, lala chini, toa. Kumbe mama mmoja mnene akanivuta kifuani, akanifunika kwa leso yake, akasema, "Pole, mwanangu. Kaa hapa na sisi." Nilishangaa mpaka kilio kikakatika. Sikujua kwamba Kiswahili kina maneno kama hayo.

Ghalani, mkuu wa jela, Afande Geresom, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaita majina. "Hadijah wa Walukuba, miaka thelathini na mmoja." Nikasema, "Niko." Akanitazama sana, akaitazama karatasi, akatia alama. Idadi ilikuwa sawa. Mlango ukafungwa nikiwa ndani, na hapo ndipo hofu yenyewe iliponiingia. Nani angenitafuta kwa jina la Hadijah?

Sasa sikiliza, maana haya nilisimuliwa na mama yangu. Huyo Hadijah mwenyewe, ndiyo, marehemu bibi yako aliyemzaa mama yako, alikuwa nyumbani kwetu! Alikimbia migombani hadi jikoni kwa mama, akamwangukia miguuni. Huko Walukuba, Jinja, alikuwa amemwacha mwanawe wa miaka mitatu, Shifa, ndiye mama yako, kwa jirani, na alichotaka ni kurudi kwake tu, kwa vyovyote vile. Mama akamficha nyuma ya kuni, akampa uji. Uji haujafika nusu, majirani wakaja wanapiga kelele: Nanyama amechukuliwa na lori kujaza nafasi ya mfungwa aliyetoroka!

Mama akaanguka chini, akalia. Lakini habari za nyuma ya kuni hakusema. Angeweza, ati! Yowe moja tu, na mwanamke yule angekamatwa. Aliniambia baadaye kwamba ulimi ulimkatalia, kwa sababu yule naye alikuwa mama. Majirani walipoondoka, Hadijah akatoka, akauliza kwa Kiswahili kulikoni, akaelezwa, akaweka kikombe chini. "Mama Nanyama," akasema, "twende tukamchukue mtoto wako."

Wee! Kila nikifika hapo mwili unanisisimka, na nimesimulia mara ngapi.

Kulipopambazuka wakatembea kutoka Busiu hadi Mbale. Njiani kote Hadijah angeweza kuingia kwenye mahindi akapotea, na mama asingemfuata. Sisi tulikuwa tumepangwa uani kuhesabiwa nilipomwona mama yangu getini, na kando yake mwanamke mrefu, vumbi hadi magotini. "Mimi ndiye Hadijah," akasema, kila mtu akasikia. "Huyo mtoto si mimi. Mtoeni, niingie."

Askari wa getini akacheka. Kisha akaacha kucheka. Yule mama mnene akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini. Mimi nilimkodolea macho yule mwanamke tu. Nimezeeka sasa, nimepita vita viwili, na sijaona tena mtu akibisha hodi jela.

Afande Gaster akaja mbio. "Tufunge wote wawili, afande! Huyu mtoto atatusema!" Afande Geresom akavua miwani, akaifuta kwa shati polepole, akaivaa. "Karatasi uliyoileta wewe mwenyewe inasema kumi na mbili," akasema. "Wa kumi na tatu nitamlaza wapi? Nitamlisha nini?" Halafu akamgeukia Hadijah, akasimama wima utadhani yuko mbele ya mkubwa wake. "Mama, una hakika?"

"Nina hakika, afande."

Tukapishana getini. Aliona miguu yangu mitupu, akavua ndala zake, akanivisha mwenyewe. "Ndani hakuna safari," akasema. Kisha akanishika uso kwa mikono miwili. "Shifa yuko Walukuba, kwa Mugweri fundi baiskeli. Mwambieni nitakuja."

Mama alikwenda Jinja juma lilelile, akarudi na Shifa mgongoni, akampelekea Hadijah habari jela. Mwaka mzima na miezi minne tulilala kitanda kimoja. Akasahau Kinubi, akasahau Kiswahili, akawa Mgisu mtupu, mkaidi vilevile.

Siku Hadijah alipoachiliwa, alikuja Busiu moja kwa moja, amekonda hadi nikamjua kwa urefu tu. Shifa akajificha nyuma ya sketi ya mama yangu. Mama akamsukuma taratibu: "Msalimie mgeni." Mtoto akapiga magoti, akasema kama tulivyomfundisha, "Mulembe," yaani amani. Hadijah alimtazama mwanawe asiyemjua. Naye akapiga magoti palepale vumbini, akaitika, "Mulembe." Alikuwa amejifunza Kigisu mle jela, kwa wanawake wa Mbale, asije akakosa neno la kumwambia.

Mama yangu akaingia jikoni akijifuta macho, akatoka na kikombe kilekile. "Ule wa siku ile hukuumaliza," akasema. Hadijah akakaa kizingitini akanywa. Kabla uji haujaisha, Shifa alikwisha kuketi magotini pake.