Tanzia Waliyoicheka

Siku ile dada yangu Modesta alikuwa anafundisha kupika gundi.

Si gundi ya dukani. Ni gundi ya unga wa ngano, ile inayoshika uti wa kitabu bila kuukausha ukavunjika. Dada alikuwa mkutubi wa maktaba ya parokia, huku kwetu juu ya Mlali, chumba kimoja kilichokuwa zamani stoo ya mahindi. Mimi nilimsaidia kuvalisha vitabu majalada. Kila Alhamisi mchana alikuwa na darasa la mtandaoni pamoja na wenzake wa maktaba ndogo ndogo za mkoa wetu: Mikese, Ngerengere, mjini, na nyingine za mbali ambazo mimi sizijui. Hawakuwa na mwalimu mmoja. Kila mtu alifundisha analolijua, wengine wakauliza, na somo likarekodiwa ili liwekwe kwenye ukurasa wao wa pamoja, hata aliyekosa bando siku hiyo alikute. Ila somo halifunguliwi kwa wote mpaka mwenzako mmoja alisikilize lote, mwanzo hadi mwisho, na kulikagua. Mkaguzi wa Modesta alikuwa Mikidadi wa Ngerengere.

Mikidadi ni mtani wetu. Naye ni Mluguru kama sisi, wa kuzaliwa mjini, Mwislamu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu. Yeye na dada hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walijuana darasani siku ya kujitambulisha, alipotaja ukoo wa mama yake, na Modesta akadakia hapohapo, "Jamani, fungeni milango! Mwizi wa kabichi ameingia."

Kuanzia hapo darasa likapata uchangamfu. Walikuwa na mchezo wao. Mmoja akikosa kuhudhuria, mwenzake anaandika tanzia yake kwenye grupu. Wiki ambayo umeme ulikatika Ngerengere, Modesta aliandika: "Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha Mikidadi, kilichotokana na uvivu wa muda mrefu. Mazishi ni baada ya mihogo kuiva. Wanaodhani watamkumbuka wajiandikishe." Mvua ilipotukatia mtandao huku juu, Mikidadi akaandika: "Modesta hatunaye tena. Ameteleza kwenye tope akibeba maneno mengi kuliko karoti." Watu walicheka. Mama naye alikuwa akiniambia nimsomee, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Alikuwa anasema, mtani akikuua leo ndiyo utaishi sana.

Siku ya gundi nilishika simu mimi. Modesta alikuwa amesimama mbele ya jiko la mkaa, sufuria ndogo juu, mwiko mkononi.

"Ukiinua mwiko," alisema, "gundi ishuke taratibu kama uji wa mgonjwa. Siyo kama ugali wa Mikidadi."

"Ugali wangu umekukosea nini, marehemu mtarajiwa?" Mikidadi alijibu kwenye simu.

"Umeua mbwa wa jirani."

Wakacheka. Modesta naye alicheka. Halafu akaweka mkono kisogoni, kama mtu aliyeguswa na kitu. Akaniambia, "Cathe, shika hii," akaninyooshea mwiko. Nilipopokea alikuwa anaenda chini. Hakukaa, hakushika meza. Alianguka kama gunia.

Nilitupa simu mezani. Ikawa inaangalia bati. Nilipiga magoti, nikamwita, nikamtikisa, na kutoka juu ya meza nilisikia kicheko. Watu wote wale walikuwa wanacheka.

"Amekufa huyo!" ilikuwa sauti ya Mikidadi. "Ameona gundi imemshinda, ameamua kufa! Mzikeni upesi kabla hajafufuka!"

"Modesta, nawe!" alisema Zuhura, msimamizi wa darasa, wa kule mjini. Alikuwa amekabwa na kicheko. "Maigizo yatatumalizia bando."

Nilipiga kelele. Namkumbuka kila mmoja aliyekuwa anacheka, namkumbuka kwa sauti yake, maana sura zao sikuziona. Nilimwita Mama. Gundi iliungua jikoni. Halafu kwenye simu kukawa kimya, Zuhura alikuwa amefunga darasa.

Tulimbeba hadi zahanati kwenye machela ya parokia. Mganga alimshika shingoni, akamwangalia macho, akatuambia kwa sauti ndogo kwamba tumeleta maiti. Modesta hakuwa mgonjwa. Asubuhi ile alichuma njegere, akanisema kwa kuchelewa kufagia maktaba. Mama alisimama pale mlangoni, miguu ina udongo wa shambani, akawa anamwambia mganga, "Mtazame tena. Hujamtazama vizuri." Mganga akamtazama tena.

Tuliporudi nyumbani Mjomba Agustino, kaka yake Mama, ndiye aliyeshika mambo, kama ilivyo kwetu. Mazishi kesho, Ijumaa, baada ya misa. Hapo Mama akasema.

"Mtani aambiwe."

Nieleze, maana si wote wana desturi hii. Kwetu kaburi likishachimbwa, mtani huingia kwanza yeye. Analala humo, analipima kwa mgongo wake, analitukana, anamtukana marehemu na ukoo wake, na hatoki mpaka wafiwa wacheke. Baba alikaguliwa kaburi hivyo. Bibi pia. Anayezikwa bila mtani tunasema amelazwa kwenye nyumba ya watu.

"Watani wetu wa hapa wamehamia bondeni wote," alisema Mjomba. "Amebaki nani?"

"Yupo wa kwenye simu," Mama alisema. "Yule. Modesta hatazikwa kama mgeni."

Basi niliandika mimi, kwa simu ya dada. Niliandika kwenye grupu: "Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha Modesta, kilichotokea leo mchana. Mazishi ni kesho baada ya misa. Mtani anaombwa afike." Nilikuwa naona vibaya kwa machozi. Nilibonyeza nikaweka simu mapajani.

Ilianza kulia palepale. Vikaragosi vya kucheka, mstari kwa mstari. Judith wa Mikese aliandika, "Umechelewa, tumeshakuona unakufa laivu." Mwingine akauliza kama kutakuwa na pilau. Zuhura akaandika, "Marehemu asisahau kuleta somo la wiki ijayo." Na Mikidadi: "Tunakuja na sanda ya magunia, maana kitambaa cha kumtosha mwenye mdomo ule hakijafumwa. Wachimbaji wachimbe refu, huyu hufufuka."

Nilitazama maneno yale na sikuelewa ninachosoma. Nilikuwa najua kila neno. Nilielewa pole pole, kama mtu anayeungua akiwa na ganzi. Sikuwa nimeandika kitu ambacho dada hakukiandika mara nyingi kwa maneno yaleyale.

Nikampigia Mikidadi.

"Haloo, marehemu!" alipokea. "Huko ahera mtandao unashika kuliko Ngerengere?"

"Kaka Mikidadi, shikamoo. Mimi ni Catherine, mdogo wake Modesta. Dada amefariki kweli."

Alicheka. Alicheka kwa furaha, bila ubaya wowote. "Umebana pua vizuri leo. Hapo umenipata kidogo. Lia sasa, nisikie."

Mimi na dada sauti zetu ni moja. Hata Mama hutukosea tukiwa chumba cha pili.

"Sibani pua, kaka. Nakuomba. Mama anakuomba."

"Mwambie huyo mama yako wa kuigiza akoroge gundi. Mimi nina kazi, nakagua somo lako bovu. Kesho tutazika, keshokutwa utafufuka, sawa?"

Nilimpa simu Mjomba. Aliisogeza sikioni, akatoa salamu, akasikiliza. Niliona uso wake ukibadilika.

"Amesema nini?" Mama aliuliza.

Mjomba alinirudishia simu. "Ameniamkia. Akaniuliza kama tumeshachinja."

"Mpigie tena," nilimwambia.

"Mtani habembelezwi. Anaambiwa mara moja. Kaambiwa."

Sikuandika tena. Sikujibu Judith, sikujibu Zuhura, sikumjibu yeye. Simu iliishiwa chaji na sikuichomeka.

Ijumaa mvua ya rasharasha ilinyesha tangu alfajiri. Misa iliisha. Wanakwaya walishuka na jeneza kwenye njia ya migomba hadi makaburini, na Paroko akawa amesimama na kitabu chake chini ya mwavuli, anatusubiri sisi. Mama alikaa kwenye udongo uliochimbwa, akakataa kunyanyuka.

"Dada," Mjomba alimwinamia, "Baba Paroko ana misa nyingine Mlali. Na mvua hii itajaza kaburi."

"Ijaze."

"Atakuja kutoka wapi, dada? Mtu anadhani tunacheza."

"Basi tumsubiri amalize kucheza."

Watu walianza kunong'onezana. Mmoja alisema kijana wa kwaya angeweza kuingia, akatania kidogo, yaishe. Mama alimtazama aliyesema mpaka huyo akainamisha kichwa. Mimi nilijua Mikidadi hatakuja. Niliangalia shimo lile na nilichoweza kufikiri ni kwamba halijakaguliwa, na dada yangu hakuwahi kukubali kitu kifunguliwe bila kukaguliwa.

Tulisikia pikipiki kabla ya kuiona. Ilikuwa inahangaika kwenye tope, inakoroma, inazimika. Kisha mtu akatokea kwa miguu kwenye migomba, anakimbia, kanzu ya Ijumaa imeloa tope hadi kiunoni, kofia ameishika mkononi. Sikuwahi kumwona. Alikuwa mwembamba, mdogo kuliko sauti yake. Alisimama alipoliona jeneza.

"Ni kweli," alisema. Hakumwambia mtu.

Mjomba alimsogelea. "Wewe ndiye Mikidadi?"

"Shikamoo, mjomba. Nilikuwa nakagua somo. Nilikaa kulisikiliza asubuhi, peke yangu, nimevaa spika za masikioni." Alikuwa anazungumza haraka, kama anayemwelezea askari. "Jana tulikuwa tunacheka, hatukusikia. Lakini kwenye rekodi yupo. Chini ya kicheko chetu kuna msichana anaita. Anasema, Mama, njoo, Modesta hapumui. Anasema tena na tena, na juu yake ni mimi. Mimi ndiye nasema mzikeni. Nimeacha maktaba wazi, mjomba. Sijafunga hata mlango."

Alinigeukia. Sijui alijuaje kuwa ni mimi.

"Ni wewe uliyepiga simu."

Nilitikisa kichwa kukubali. Akafunika uso kwa kofia yake akaanza kulia kwa sauti, na hapo watu wakashtuka kuliko walivyoshtuka asubuhi yote. Mtani halii. Wazee walitazamana. Mama mmoja alisema, "Yesu na Maria, kumbe ndiyo mkosi wenyewe."

Mama aliinuka. Alimfuata pale aliposimama, akamtoa kofia usoni kama anavyofanyiwa mtoto.

"Mtani," alisema, "sikukuita uje kulia. Waliaji ninao. Kazi yako iko pale."

Mikidadi alilitazama kaburi. Nilidhani atakimbia. Akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akashuka na kanzu yake. Tukasogea. Alilala chali kwenye maji ya mvua, mikono ubavuni, macho ameyafumba. Matone yalikuwa yanaanguka juu ya jeneza na juu ya mwavuli wa Paroko. Mimi nikaanza kuogopa kwamba hatasema kitu.

Kisha sauti ikatoka chini.

"Modesta. Hili shimo limechimbwa na ukoo wako, nimejua, maana limepinda kama mashelfu yako. Umeniletea somo nusu nilikague. Nusu! Umefika kwenye mwiko, umemwachia mtoto sufuria, umekimbia. Ndivyo mlivyo nyie, kazi ikianza kuchemka mnajifanya mmekufa. Basi mimi sitoki. Nalala humu humu mpaka uje umalize. Sufuria yenyewe mmeunguza. Na usidhani nimekuja kwa kukupenda. Nimefuata kabichi."

Mama alitoa sauti. Nilidhani ni kilio kipya, nikamshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mdomo wazi, machozi na mvua vinaingia, akainama juu ya shimo.

"Mwizi wewe," alimwambia, "toka humo. Siyo pako."

Basi watu wakacheka, wakalia, sikuweza kutenganisha. Mikidadi aliinua mikono kutoka kwenye maji. Mjomba na kijana wa kwaya walimvuta kwa mikono yote miwili. Mgongo wa kanzu ulikuwa mwekundu wote kwa udongo. Tukamzika dada yangu.

Jioni nilichomeka simu ya Modesta. Nilifungua grupu. Walikuwa wameshajua. Chini ya tanzia yangu vicheko vilikuwa havipo tena; mahali pa kila kimoja palikuwa pameandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Umefutwa, umefutwa, umefutwa, hadi chini, na tanzia yangu imesimama juu yao peke yake. Baada ya hapo ni pole, nyingi, na Zuhura anaomba apigiwe simu wakati wowote.

Ujumbe wa Mikidadi tu ndio ulikuwa bado upo. Hakuufuta. Hakuongeza neno.

Mama alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, nikadhani amesinzia.

"Yupo kwenye simu, yule?" aliuliza.

"Yupo, Mama."

"Nisomee ya mtani."

Nikamsomea, ya sanda ya magunia na mdomo usio na kitambaa cha kuutosha. Alisikiliza mpaka mwisho, pale anaposema wachimbe refu maana huyu hufufuka. Akaniambia nirudie hapo.