Madigadi ya Kulia

Gari lilishushwa gerejini saa nne asubuhi, au tuseme kilichosalia cha gari: bodi, mlango mmoja, usukani, na kiti cha nyuma ambacho panya walikuwa wamekigeuza bweni. Lilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Injini haikuwapo.

"Angalau hili halitatutoroka," akasema fundi injini, akarudi kwenye chai yake.

Kulikagua kabla ya matengenezo ilikuwa kazi ya Sumaku, binti wa fundi bodi mstaafu. Jina alilipata kwa kile kisumaku chake kilichofungwa kitambaa. Kwenye bati hunata. Palipozibwa kwa puti, ule udongo wa kujazia mibonyeo, huanguka. Baba yake alimfundisha kwamba gari bovu halidanganyi kwa vilivyopungua, hudanganya kwa vilivyopo. Basi akawa anazunguka na fomu yake. Taa za mbele, hakuna. Boneti, ipo, ina kutu.

Kwenye madigadi ya kulia, bati la juu ya gurudumu, kisumaku kikaanguka. Akakirudisha, kikaanguka tena. Akagonga kwa kifundo cha kidole apime unene wa puti.

"Hodi," ikasema madigadi.

Fundi injini akamtazama juu ya ukingo wa kikombe. "Usiitikie. Ukisema karibu, huyo katoka, na hapa hata viti havitoshi."

Sumaku akakwangua rangi taratibu. Chini yake, kwenye puti, palikuwa na alama ya dole gumba lisilo na ncha. Tangu mashine ya kukunjia bati ilipomla nusu ya kidole, baba yake hakumaliza kazi bila kubonyeza kile kigutu, mithili ya muhuri.

"Hodi, Kifaranga."

Mtu mmoja tu aliwahi kumwita hivyo: mjomba, kaka wa mama, aliyetoka na baiskeli kwenda kununua mkate Sumaku akiwa na miaka sita. Baba ndiye aliyeleta habari nyumbani kwamba shemeji yake ameenda ng'ambo kutafuta maisha. Mpaka leo mama hulipiga pasi shati la kaka yake kila wiki, asije akarudi akalikuta na mikunjo.

Mwenye gari akaingia, mzee wa suti ya kijivu. Gereji ilikuwa yake. Na ile nyumba wanayokaa wazazi wa Sumaku ni yake pia. Aliwapa mwaka uleule wa mkate.

"Enhe, binti yangu, unalionaje?"

"Mzee, kuna mtu ndani ya madigadi."

"Najua. Baba yako alimfunika vizuri sana, yeye na baiskeli yake. Ninachouliza ni kama atastahimili rangi mpya." Akapapasa lile bati kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani. "Nyumba haivuji?"

"Haivuji, mzee."

"Vizuri. Msalimie baba."

"Hodi," ikaja ya tatu, kwa chini, kama ya mtu aliyekwisha kuvua viatu.

Wote watatu waliisikia. Sumaku aliufikiria mlango wa wazazi wake, na pingu kwenye mikono ya baba, ile yenye vidole tisa na nusu. Akakoroga puti, akaziba alipokwangua, akabonyeza kwa dole gumba. Kisha akajaza fomu: *Madigadi ya kulia: ipo. Isifunguliwe.*

Jioni alimkuta baba mezani.

"Alipiga hodi ngapi?" baba akauliza bila kuinua uso.

"Tatu."

"Ukaitikia?"

"Hapana."

Baba akakificha kigutu ndani ya ngumi.

Mama akatoka jikoni na sahani ya nne, akaiweka mahali pa kaka yake. Halafu, kama kila jioni saa kama ile, akaugeukia mlango uliokuwa wazi.

"Karibu!" akaita kwa furaha. "Pita ndani, kaka, mbona wasimama nje kama mgeni?"

Wakasubiri kidogo. Kisha Sumaku akainuka akaufunga mlango, maana baridi ilikuwa inaingia.