Niliyekunywa kwa Niaba ya Gharibu

Mkimsikia Alhaji Gharibu pale sokoni Kasulu anasema kanifukuza kazi, mwambieni Rosa Ndayikunda kasema huo ni uongo mtupu. Hakunifukuza. Na kama anabisha, aje hapa Busunzu, mbele ya watu walewale, nimkumbushe ilivyokuwa.

Miaka kumi na minne nimekuwa mkono wake wa kulia katika biashara ya maharage. Cheo chenyewe hakikuwa na jina mpaka alipokuja mpwa wake Saady kutoka Dar, kijana wa suruali za kubana na simu mbili, akanichapishia kadi: "Mkuu wa Ofisi ya Mwenyekiti." Nyoo! Kazi hiyo naifanya tangu yeye hajaota ndevu. Barua ambayo Alhaji kaiandika kwa hasira, mimi naikalia siku mbili mpaka zimwishe. Dereva akifiwa, mimi ndiye wa kwanza kujua, namwambia Alhaji, anakwenda msibani, watu wanasema tajiri huyu ana utu. Na tukifika kijijini, kabla hajatia mguu chini, anainamisha sikio namnong'oneza: yule wa koti la kijivu ni Felisiani, mama yake alifariki mwezi wa pili, mpe pole, yule mwembamba ni Nkunzimana, ulimwahidi turubai. Basi anashuka, anataja majina, anatoa pole, watu roho kwatu. "Alhaji hasahau mtu!" Hasahau, eti. Kichwa kilichokuwa hakisahau ni hiki hapa.

Sikulalamika. Ndiyo kazi yenyewe: mkubwa aonekane mzima, na wewe ndiye unayejua palipochanika.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa langu peke yangu. Watu wa Busunzu hawauzi maharage kwa karatasi. Mnakaa, chungu cha pombe ya ndizi kinawekwa katikati, mirija miwili, muuzaji na mnunuzi wanavuta pamoja. Wakiinua vichwa, neno limekwisha. Muuzaji hampi mtu mwingine, na mnunuzi hamwachi kwenye mataa. Alhaji ni Mwislamu, hanywi, na hilo sina ugomvi nalo hata kidogo. Mwaka wa kwanza Felisiani, mwenyekiti wa wakulima, alipata ufumbuzi. "Rosa ni mtoto wetu," alisema. "Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa na mkeka tu, yeye kazaliwa hapa, kakulia hapa. Anywe yeye. Mdomo wa Rosa ni mdomo wa Gharibu." Alhaji akacheka, akasema hewala. Tangu hapo nimekuwa nakunywa kwa niaba yake kila msimu.

Mwezi wa kumi na moja tulikunywa tena. Neno lilikuwa fupi. Mavuno ya Januari yakishapigwa, malori matatu yatafika Jumatano ya kwanza, kabla mvua kubwa haijarudi, na wao hawatamuuzia mwingine. Busunzu hakuna ghala. Maharage yanakaa uani juu ya maturubai, na mvua ikiyakuta yanaota. Jumatatu ya wiki hiyo Hashimu, mnunuzi kutoka Kahama, alikuja na lori tupu akiwabembeleza. Walimrudisha. "Tumeshakunywa na Gharibu," walimwambia.

Jumanne asubuhi nafika ofisini Kasulu, namkuta dereva wetu Tharsisi kasimama mlangoni na funguo mkononi, hataki kunitazama usoni.

"Dada Rosa, tumeambiwa twende Manyovu."

"Nani kasema?"

"Saady. Kuna maharage yamevuka mpaka, yako tayari. Malori yote matatu."

Damu ilinipanda kichwani. Niliingia kwa Alhaji bila kubisha hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Saady alikuwa kakaa kwenye kiti changu, kakunja nne.

"Alhaji, malori kesho ni ya Busunzu."

"Aunt, Busunzu watasubiri wiki moja tu," Saady akadakia. "Mzigo wa Manyovu ni chapuchapu. Biashara ni kuamua."

"Sikukuuliza wewe! Alhaji, mvua inarudi. Maharage ya watu yako nje. Tumekunywa na wale watu!"

Alhaji hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Mimi sikunywa, Rosa," alisema. "Uliyekunywa ni wewe. Kawaambie wewe."

Nimesikia maneno mengi mabaya maishani. Nimeitwa mkimbizi na watu niliosoma nao darasa moja. Lakini lile lilinichoma kuliko yote, kwa sababu alilisema kwa upole, kama mtu anayeagiza chai. Miaka kumi na minne mdomo wangu ulikuwa mdomo wake, na siku neno lilipomwia zito, akaurudisha kwangu. Nilitoka pale nikapanda basi la Busunzu.

Mvua ilinitangulia. Ilinyesha Jumanne, ikanyesha Jumatano kutwa. Nilifika nikakuta wanawake wanakimbia na maturubai, wengine wanaanua kwa mikono, wanaingiza maharage jikoni, vitandani, kanisani. Kufikia Ijumaa nusu ya maharage ya Busunzu yalikuwa yametoa vikia vyeupe. Nilisimama uani kwa Nkunzimana nikachota kiganja, yakanuka uvundo. Mke wake alinitazama, akaendelea kuchambua yaliyooza. Angenitukana ningeshukuru.

Felisiani ndiye aliyesema. "Rosa, sisi Gharibu hatumjui. Tulikunywa na wewe."

"Baba, malori yaligeuzwa, mimi si..."

"Tulikunywa na wewe," akarudia, akaenda zake.

Na hayo mimi ningeyabeba. Lakini pale kijijini yupo mama yangu, ana miaka sabini na ushee. Kila asubuhi majirani walikuwa wanapita mlangoni kwake kumwamkia, "Mwakeye, mama," mmoja anaacha kuni, mwingine anachota moto. Wiki ile hakupita mtu. Nilimkuta kakaa kizingitini, kajifunga khanga yake ya kwendea kanisani, anawangoja. "Nimewakosea nini, mwanangu?" aliniuliza. Jamani! Bibi wa watu hajawahi kumnyang'anya mtu hata punje, anaadhibiwa kwa mrija wangu. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na sioni haya kulisema. Nikaapa kwamba jina letu pale kijijini nitalirudisha, Gharibu apende asipende.

Nilimpigia Hashimu nikamwomba arudi. Yalikuwepo maharage yaliyopona, ya nyumba za juu, yalikuwa bado hayajapigwa. Hashimu alisema yuko tayari kuchukua yote, hata yale yaliyopata unyevu kidogo angeyatafutia wa kuyala mapema. "Ila safari hii nani anasimamia neno?" aliuliza. "Kama ni Gharibu, mimi simo." Nikamwambia anisubiri kidogo. Unajua ujinga wangu ulikuwa nini? Nilikuwa bado nangoja Alhaji ajirudi. Niliamini akikaa na kufikiri, ataomba radhi.

Nikarudi kazini Kasulu, wiki mbili zikapita. Mzigo wa Manyovu ukaisha mapema, na mteja mkubwa wa Alhaji alikuwa anataka maharage zaidi. Alhaji akaniita. Nikaingia nikisema moyoni, sasa anaomba radhi.

"Rosa, Jumamosi twende Busunzu," alisema. "Kawaweke sawa watu wako. Kunywa kama kawaida yako, yaishe."

Kama kawaida yako! Saady akachekea chinichini. Mimi nikasema, "Sawa, Alhaji," nikatoka mpaka nyuma ya mashine ya kusaga iliyo jirani, nikampigia Hashimu. "Njoo Jumamosi saa saba," nilimwambia. "Nasimama mimi."

Jumamosi tulifika saa sita na nusu. Watu walikuwa wamekaa mbele ya nyumba ya Felisiani, chungu kipo katikati, mirija miwili. Nilikuwa nimemtumia Felisiani ujumbe kwamba tunakuja, basi. Gari likasimama. Alhaji akafungua mlango, na kama desturi yake, kabla hajatia mguu chini, akaniinamishia sikio.

Nikanyamaza.

"Rosa," alinong'ona.

Nilitazama mbele. Alingoja, akatoa tabasamu la kutafuta msaada, mwisho akashuka. Akaenda akawapungia wote mkono: "Assalaam aleikum, wazee wangu! Poleni na mvua!" Waliitikia nusu nusu. Akakaa kwenye kiti alichowekewa, akanionyesha chungu kwa kidevu.

"Rosa, karibu. Kunywa, tuzungumze."

Felisiani aliinua mkono. "Ngoja kwanza, Alhaji. Kabla Rosa hajanywa, mimi nina swali dogo. Miaka kumi na minne umekaa kwenye kiti hicho. Umetoa pole mama yangu alipofariki, ukasema huwezi kumsahau. Mimi naitwa nani?"

 Alhaji akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akanigeukia, na macho yale ninayajua, ndiyo yale ya kuinamisha sikio. Saady akaanza kupekua simu yake kama vile jina litakuwemo humo. Jasho lilimtoka Alhaji kwenye paji la uso, mtu mzima, na mimi ningeweza kumwokoa kwa neno moja. Sikumwonea huruma. Hata leo simwonei.

"Mzee... mzee wangu wa Busunzu," alisema mwishowe.

"Haya," Felisiani akasema. Akachukua mrija mmoja, akaufuta kwa kiganja, akaniletea pale nilipokuwa nimesimama. "Rosa. Leo unakunywa kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya Rosa Ndayikunda," nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mama yangu. "Maharage yote yaliyobaki yanachukuliwa leo hiihii. Hashimu yuko njiani na lori. Na lisipofika, mnidai mimi, nyumba ya mama ile pale mnaijua."

 Felisiani akapiga goti upande wake wa chungu, na mimi upande wangu, tukavuta. Tulipoinua vichwa, mke wa Nkunzimana alikuwa keshasimama, anaelekea mlangoni kwa mama yangu na mzigo wa kuni kichwani.

Alhaji aliinuka kitini. "Rosa," alisema, "wewe si mtu wangu?"

Kutoka chini ya kilima tukasikia injini inapanda kwa gia ndogo, na barabara yetu haipitishi magari mawili.

"Alhaji," nilimwambia, "sogeza gari lako. Lori linapita."