Mgeni wa Nasambu Kutoka Parklands

Ijumaa moja alasiri, mwezi wa kumi mwaka wa tisini na saba, Nasambu alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi wa Memsaab Savita kule Parklands, akipangusa vigae. Walimu walikuwa wamegoma nchi nzima, kwa hiyo alikuja kazini na binti yake Audrey, wa miaka saba. Audrey alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, na hapo ndipo mwisho wake wa kuingia. Mwisho wa mama yake ulikuwa mbele kidogo, kwenye kizingiti cha chumba cha maombi. Angeweza kupangusa mpaka kigae kinapokutana na zulia, lakini zulia lenyewe lilifagiwa na mke wa mtoto wa Memsaab.

Zilikuwa siku za Navaratri, siku tisa za yule mungu wa kike anayepanda simba. Memsaab alikuwa amemkaribisha inavyotakiwa, kwa nazi, kwa samli, kwa chungu cha udongo na kwa maneno ya Kisanskriti ambayo babu yake alikuja nayo kutoka Gujarat. Taa iliwaka mbele ya picha yake na haikutakiwa kuzimika. Pichani mungu alikuwa ameketi juu ya simba, mikono yake minane imeshika silaha na maua, akitabasamu kama mtu aliyezoea kusifiwa na amechoka kidogo.

Nasambu alipomaliza kigae cha mwisho aliinuka akakuta wanatazamana. Kwao Kimilili humtazami mtu usoni halafu ukaondoka kimya.

"Haya mama, sisi tumeenda," akasema. "Karibu kwetu siku moja."

Ni heshima tu. Unamwambia mtu karibu kwetu, anakujibu asante nitakuja, na hakuna anayekimbia kununua sukari kwa ajili hiyo. Nasambu alisuuza kitambaa, akamshika Audrey mkono, wakashika njia ya Kibera.

Mgeni alifika kwao Laini Saba, mle Kibera, kabla ugali haujaiva. Alivua taji ili apite mlangoni, akaomba maji anawe miguu, maana alikuwa amekuja kwa kufuata reli. Simba alimwacha kwenye picha. Alizungumza Kibukusu kizuri, kwa sababu miaka sita yote ya kazi ya Nasambu pale Parklands alimsikia akisemezana na sufuria. Mukhwana, mume wa Nasambu, fundi wa mbao, aliondoka kwenye kiti chao pekee chenye mto akakaa kwenye ndoo.

"Atalala wapi?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Na Audrey. Leta kuku."

Mukhwana alikwenda Kawangware 56 kwa kaka yake anayeuza kuku, akarudi na mtetea mwekundu. Mgeni alishukuru, akamfungua kuku kamba miguuni, akala ugali kwa mrenda. Kuku akabaki mle ndani, akawa naye ni mgeni.

Asubuhi yake Nasambu alimkuta Memsaab amesimama mbele ya picha. Simba alikuwa peke yake, amegeuza uso upande.

"Nani naita yeye?" Memsaab aliuliza.

"Mimi nilisema tu karibu kwetu, Memsaab. Si ni heshima?"

"Mimi naita yeye na ghee, na nazi, na sanskrit ya babu yangu. Wewe naita yeye na kitambaa ya sakafu." Memsaab alikaa juu ya stuli. Hakukasirika sana, alionekana kama mtu aliyeibiwa mgeni na jirani. "Siku ya nane nataka yeye hapa. Siku hiyo naosha watoto wasichana tisa miguu kama wao ni yeye, natoa chakula. Bila yeye siwezi. Kama harudi, wewe pia usirudi."

Nasambu alijua maana yake. Kazi ya Mukhwana ilikuwa ya leo ipo kesho haipo, na mshahara wa Parklands ndio uliolisha nyumba.

Mgeni hakutulia. Kukaa bure kulimshinda. Alikuwa akitembea relini huku na huku, akirudi, akichungulia sufuria, akitoka tena. Watu wa Laini Saba walimzoea haraka na wakamwona anafaa. Alibeba mitungi minane ya maji kwa mpigo mmoja, na foleni ya bomba la Mashimoni ikapungua. Trizah wa mlango wa pili, mwimbaji wa kwaya ya kipentekoste, alikemea mapepo asubuhi nzima, kisha akamwomba amshikie mtoto aanike nguo. Mkuki wake wa meno matatu ulisimamishwa kuinua kamba ya nguo. Mukhwana aliazima gurudumu lake lenye makali, akakata nalo mbao za kabati. Zilikatika safi.

"Hii kitu ni noma," alimwambia Nasambu. "Muulize kama ataiacha."

Nasambu hakutaka kusikia habari za gurudumu. Kila jioni alimwangukia mgeni. "Mama, rudi nyumbani. Wananifuta kazi."

"Nitarudi. Lakini mgeni huondoka kwa kusindikizwa. Ama siku hizi kwenu mmeacha?"

"Nitakusindikiza mimi mwenyewe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni."

"Mlango upi?"

Akili ya Nasambu ilipita jikoni, ikapita ukumbini, ikasimama kwenye kizingiti.

"Mimi nakaa mbele ya hapo," mgeni alisema. "Audrey atanifikisha."

Siku ya nane waliondoka alfajiri, Nasambu mbele, nyuma yake mungu na Audrey wameshikana mikono. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Kule Parklands wasichana wanane wa majirani walikuwa wameshakaa juu ya zulia na sahani mbele yao. Sahani ya tisa haikuwa na mtu. Mwenyewe alikuwa na tetekuwanga. Mungu aliingia jikoni, akapita ukumbi, akavuka kizingiti, na mkono wa Audrey hakuuachia. Memsaab aliunganisha viganja kifuani.

Mungu alipanda kwenye picha, akakaa juu ya simba, akavuta mikono yake ndani. Saba iliingia. Wa nane, ule uliomshika Audrey, ulibaki nje ya fremu mpaka kiwikoni. Audrey aliuachia, akaona sahani yenye mikate ya puri na halua haina mwenyewe, akaketi mbele yake.

Memsaab alitazama ile miguu. Ilikuwa na tope la Laini Saba mpaka kwenye vifundo. Alipiga magoti kwa shida, maana magoti yalikuwa mabovu, akaiosha kwa maji na maziwa, akapitisha vidole vyake katikati ya vidole vya mtoto mpaka tope likaisha. Akaipaka rangi nyekundu. Kisha akaweka paji la uso wake juu ya miguu hiyo, akamwita Audrey Mama, Mama wa dunia, na machozi yakamtoka. Hakuwa anaigiza. Nasambu, aliyesimama kizingitini, alijawa na furaha mpaka akaona hasira, kwa sababu hakujua furaha kama hiyo mtu huipeleka wapi.

Kesho yake walimu walikuwa bado wamegoma. Audrey alivaa mtandio mwekundu aliopewa, akaosha miguu yake mwenyewe bombani, akaingia jikoni bila kusimama. Memsaab alimzuia kwa kiganja, taratibu, wala hakuwa mkali.

"Hapana, mtoto. Huko hapana."

Akampa puri mbili zilizobaki jana, akamgeuza mabega, akamkalisha kwenye ngazi. Zulia lilikuwa limekunjwa nje, kando ya bomba, na kipande cha sabuni juu yake. Nasambu aliambiwa aoshe pale alipokaa mtoto wa tisa, na akishaosha hapo aoshe lote.

Ule mkono haukurudi ndani. Mke wa mtoto wa Memsaab alijaribu kuusukuma polepole, ukakataa, akautundikia mashada ya maua, na kwa kazi hiyo ukawa mzuri kuliko msumari. Ulikuwa umenyooka kuelekea jikoni. Kwa vile upepo wa huko ulisumbua taa, mlango wa jikoni ukafungwa.

Audrey alimaliza puri, akamtazama mama yake akisugua.

"Mama, kwani leo nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," Nasambu alisema. "Kaa tu hapo."