Sindano za Jumapili

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya alfajiri, na mama fundi cherehani akainuka kukituliza, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamshe nyumba. Akatoa vikombe viwili. Akakitazama cha pili, akakirudisha kabatini. Mazoea yana taabu.

Redioni waheshimiwa walikuwa wameamkia palepale walipolalia. Mmoja alitaka jalada la polisi juu ya yule tajiri aliyetuhumiwa kuwadhalilisha mabinti lifunguliwe lote. Mwenzake alisema likifunguliwa nchi itawaka. Wote wawili waliapa kuwa wanawasemea wale mabinti.

"Mbona kwangu hamjapiga hodi?" mama aliiuliza redio.

Mmoja wa mabinti hao alikuwa wake. Alifanya kazi nyumbani kwa tajiri, akatoa maelezo polisi, kesi ikalala, naye akafariki kabla haijaamka. Aliacha ombi moja: "Mama, mtaani wasijue." Mama hakumwambia hata jirani wa ukuta kwa ukuta. Na anayeogopa kuulizwa huacha kukaribisha. Siku hizi wateja walichukua nguo zao wakiwa wamesimama mlangoni.

Jua lilipopanda, mlango ukabishwa. Alikuwa karani wa masjala ya serikali, mwanamke wa makamo mwenye bahasha kwapani. Alivua viatu bila kuambiwa, na mama akaliona hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umetumwa na chama, hapa hakuna kura, kuna vitambaa tu."

Karani akacheka. "Mimi natumwa na karatasi, mama. Wabishane wasibishane redioni, Bunge limeshapitisha, jalada linatoka wiki ijayo. Majina ya mabinti tumeyafunika kwa wino. Lakini lazima kila familia isome kwanza, maana ninyi mnayajua tusiyoyajua."

Mama akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Jina lilikuwa limefunikwa, na mtaa, hata shule. Akaanza kushusha pumzi. Ukurasa wa pili kidole kikasimama kwenye maneno ya binti yake.

"Niliporudi nilimtungia mama sindano zake zote za wiki, ili nimpe mgongo asione ninalia."

Mtaa mzima ulimjua binti aliyekaa kibarazani kila Jumapili akimtungia sindano mama yake asiyeona vizuri tundu la uzi, akizichomeka kwenye kimto, mikia ya nyuzi ikining'inia. Atakayesoma hapo hatahitaji jina.

Na mama alikumbuka mgongo ule. Siku ile alidhani binti kanuna tu.

"Hapa," alisema. "Watamjua."

Karani akafungua kalamu nene, halafu akasita. "Mama, humu ndani ni hapa tu alipokutaja."

"Nimeona." Mama akavua miwani. "Nisomee kwanza. Taratibu."

Karani akasoma. Akarudia, bila kuombwa. Kisha akafunika mstari wote, akapuliza wino ukauke.

Hakuinuka. Alikivuta kile kimto mezani. Tangu msiba mama alikuwa akiomba wapita njia wamtungie sindano mbili tatu. Nyingine zilikaa kavu, bila uzi. Karani akalamba ncha ya uzi, akatunga ya kwanza, ya pili, mpaka zote zikapata mikia.

"Utarudi lini?" mama aliuliza.

"Kazi yangu hapa imekwisha, mama."

"Nani kataja kazi? Nyuzi hizo zitaisha. Njoo Jumapili, mwanangu. Kikombe kipo."