Mechi ya Kumi na Mbili

Golikipa wetu tulimwita Kufuli. Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na kwa mechi kumi na moja mfululizo hakuna aliyemfunga. Mimi nilicheza beki wa kushoto, na nitasema ukweli: kufikia mechi ya nane nilikuwa nimeacha kukaba. Mshambuliaji akija, mwenzangu ananiambia, "Mwache apige, Kufuli yupo." Nami namwacha.

Kwenye mechi ya kumi na moja alipigwa goti kichwani. Akainuka, akacheka, akaendelea kudaka. Siku mbili baadaye alitapika nyumbani kwetu, na mke wangu akaniomba nimzuie kucheza. Daktari wa timu naye alitaka apumzishwe wiki tatu.

"Timu inayoshinda haiguswi," kocha alimjibu. "Muulize mwenyewe."

Kufuli akajibu, "Nikikaa nje, hawa watatetemeka. Mimi ni mzima."

Nami sikumzuia. Niliogopa goli lisilo na yeye kuliko nilivyoogopa kichwa chake.

Jumamosi jukwaa lilijaa mapema. Dakika ya ishirini winga wao akanijia. Ningeweza kumzuia, lakini nikampisha, mazoea yana tabu. Akapiga shuti jepesi, la kudakwa hata na mgonjwa. Kufuli akaruka upande wa pili, ambako hapakuwa na kitu.

Mpira ukaingia wavuni. Tangu hapo wenzetu wakaanza kukosa pasi za hatua tano. Miguu ilikuwa ile ile, ila moyo ulishahama. Tukafungwa matano, na kwa kila moja hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Kufuli alikaa kwenye benchi, glavu zikiwa bado mikononi.

"Shem, tunaingia saa ngapi?"

"Mechi imekwisha."

"Ahaa. Tumeshinda?"

Nikamgeukia kocha. Kocha alikuwa anatazama ukuta. Daktari alikwisha toka nje kuita gari la wagonjwa.

"Saa ngapi tunaingia, shem?" akauliza tena, kwa upole, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Alilazwa miezi miwili. Sasa anaishi kwetu. Anatembea, anakula, ila jina la mwanawe humpotea. Mke wangu hajanilaumu hata siku moja. Anamlisha kaka yake kwanza, kisha ananitengea chakula changu, nami nakula nimeinama.