Chupa ya Watu Wanane

Asubuhi ile nilimwomba shangazi anioneshe kadi yake ya chanjo, akasema imo kabatini. Nikafungua kabati. Akasema basi labda imo kwenye mkoba. Nikamletea mkoba. Hapo akaketi mbele ya cherehani yake, akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Shangazi, ulichanjwa au hukuchanjwa?"

"Siku ile ya mapumziko yako nilifika mpaka mlangoni, mwanangu."

Wiki mbili nzima alikuwa akitembea na plasta begani, akimwambia kila mteja kwamba sindano ya homa ya manjano si lolote si chochote. Kumbe plasta aliibandika mwenyewe. Mwanamke aliyenilea tangu nina miaka sita, anayeshika sindano ya kushonea kutwa nzima, akiona ya hospitali anatafuta mlango.

Nikahesabu kwa vidole. Leo ilikuwa tarehe nne. Ndege yake ni tarehe kumi na nne. Kadi huanza kufanya kazi siku kumi baada ya kuchanjwa, na bila kadi wasingemruhusu kuingia nchi aliko binti yake. Binti huyo, ambaye kwangu ni dada, alikuwa na mimba ya miezi minane baada ya kupoteza mbili. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mama yake awepo siku ya kujifungua.

"Vaa viatu," nikasema. "Ni leo au basi."

Mimi ni muuguzi katika chumba cha chanjo za wasafiri. Tulipofika, Sista, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa akisoma kipimajoto cha friji na kuandika kwenye daftari, kama afanyavyo kila siku asubuhi na jioni.

"Ya homa ya manjano imebaki chupa moja," akasema. "Mzigo mpya unakuja wiki ijayo."

Juu ya mlango wa friji kuna karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: chupa haifunguliwi kwa watu pungufu ya wanane. Chupa moja ina dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake, ina saa sita tu, kisha kinachobaki kinamwagwa. Benchini walikuwapo mwanafunzi mmoja, mume na mke, na sasa shangazi. Wanne.

"Sista, huyu ni shangazi yangu."

"Najua. Ndiyo maana siwezi." Alisema kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. "Nikimfungulia shangazi yako, kesho nitamwambia nini mjomba wa mwenzio? Niletee wengine wanne, Bi Kimya. Ikifika saa nane sifungui tena, maana muda wa kuitumia kabla ya kufunga hautatosha."

Bi Kimya ni mimi. Chuoni, nikiitwa mbele ya darasa, sauti ilikuwa ikiishia kooni hadi mwalimu akawa anasoma midomo yangu. Nilipiga simu kwa wote walioandikwa kwenye orodha yetu ya wasafiri. Mmoja alikuwa ameshaondoka, wengine walikuwa mbali. Saa saba nikavuka barabara.

Ng'ambo kuna uwanja wa malori yanayovuka mpaka. Madereva kama kumi walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha tela, wakicheza drafti.

"Samahani."

Hakuna aliyegeuka.

"Samahani!"

"Dokta mdogo, umepotea?" Aliyeuliza alikuwa mkubwa kuliko wote, wenzake wakimwita Tingatinga.

"Natafuta watu wanne wa kuchanjwa homa ya manjano."

Wakacheka. Tingatinga akatoa kadi kwenye mfuko wa shati. "Sisi hizi tunatembea nazo, dada."

Niliifungua. Muhuri ulikuwapo, lakini pale panapoandikwa namba ya chupa ya chanjo palikuwa patupu.

"Kadi unayo," nikasema. "Chanjo je?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Mpakani wanaangalia kadi," akajitetea.

"Mbu hasomi kadi."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Wenzake waliangua kicheko, mmoja akampiga mgongoni: "Umepatikana leo!" Nikajikaza nikaendelea. Nikawaambia ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa, hospitali inausaidia tu mwili upigane wenyewe, na sindano moja inatosha maisha. Kisha maneno ya kitaalamu yakaniishia, nikasema ukweli uliobaki. "Na shangazi yangu yuko kwenye benchi pale. Asipochanjwa leo, mwanawe atajifungua peke yake ugenini."

Tingatinga akajikuna shingo. "Sasa si ungeanza na shangazi? Mbu angefuata."

Wakainuka watano.

Tuliporudi ilikuwa saa saba na nusu. Mwanafunzi alikuwapo, mume na mke walikuwapo. Shangazi hakuwapo.

"Aliniambia anakwenda msalani," akasema Sista.

Nilimkuta getini akizungumza na mlinzi.

"Nilikuwa nakutazamia wewe," akasema haraka.

"Na mkoba begani?"

Akaushusha mkoba. Nilimshika mkono, nikamrudisha. Ndani, Sista alikuwa akiwahoji madereva mmoja mmoja: mzio wa mayai, dawa wanazotumia, homa. Mmoja alikutwa na joto kali, akapelekwa kupimwa kwanza. Nikahesabu tena waliobaki. Saba, bila shangazi.

"Wa nane ni wewe," nikamwambia. "Ukiondoka, na hawa wote wanarudi bila chanjo."

Tingatinga alikuwa amekaa mwisho wa benchi, jasho likimtiririka. "Mama," akasema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, "nimekuja kwa ajili yako. Usiniache na haya mambo peke yangu."

Shangazi akamtazama juu hadi chini. "Mwanamume mzima, pandikizi la mtu!" Akaketi karibu naye, akamshika mkono. "Fumba macho. Mimi natangulia. Ukiniona nimekufa, kimbia."

Saa nane kasoro dakika kumi Sista alifungua chupa. Shangazi nilimchanja mwenyewe. Nilisafisha bega lake, nikashusha pumzi.

"Haya, anza basi," akasema, macho kayafumba kabisa.

"Nimemaliza, shangazi."

"Umemaliza nini?"

Benchi zima lilicheka, naye akacheka kuliko wote huku machozi yakimtoka. Wengine saba walipokwisha kuchanjwa, Sista aligonga muhuri kadi ya shangazi na kuandika: inaanza kazi tarehe kumi na nne, siku ya ndege. Shangazi aliisoma mara mbili, akampigia binti yake. "Nakuja, mama. Nakuja, unanisikia?" Kisha akawageukia madereva waliotaka kuondoka: "Kaeni! Mmeambiwa dakika thelathini za kuangaliwa. Mnakimbilia wapi?"

Wakakaa.

Niliingia nyuma ya pazia, nikanawa mikono. Sista akachungulia.

"Zimebaki dozi mbili," akasema. "Ng'ambo hakuna wengine?"

"Wapo," nikasema, nikachukua koti langu jeupe, nikavuka tena barabara.